Mboga Kwanza, Kastadi Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Naliandika hili mwanzo kabisa, asije mtu akadhani hasira ilinipanda katikati ya ukurasa.

Asubuhi Mama alikuwa anapiga pasi sare yake. Kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya hoteli, zamu ya jioni. Yaani anapiga pasi nguo ya kwendea kupiga pasi. Bila kuinua macho, kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imeisha, akaniambia Jumapili Mama mdogo anahamia kwetu. Si kututembelea. Kuhamia! Atalala stoo.

Stoo yangu! Ile niliyoahidiwa. Ina magunia, ina baiskeli isiyo na mnyororo, ina harufu ya rangi ya zamani, lakini ina mlango. Mlango wenye komeo kwa ndani. Nina miaka kumi na sita na bado nalala chumba kimoja na mapacha wa miaka sita. Nikibadili shati wananitazama kama sinema. Nikiandika wanauliza naandika nini. Nikinyamaza wanauliza kwa nini nimenyamaza.

Sababu ya yote: mapacha hawali. Mwalimu wao kamwita Mama, kamwambia yule wa kiume analala darasani hata kabla ya mapumziko. Chakula chao ni wali mweupe na mkate mkavu. Kitu chochote chenye rangi hakipiti. Na kwa kuwa jioni Mama yupo kazini na Baba yupo njiani na lori lake (Baba tunamwona kama mwezi mwandamo, kidogo tu, kisha kazama), anayewapakulia ni mimi. Kwa hiyo wamekonda kwa sababu yangu. Mama hakulisema hilo. Alilipiga pasi tu.

Mama mdogo ni mdogo wake Mama, na sauti yake hufika kabla yake. Kwenye harusi ya mwaka jana alisimama mbele ya meza yetu akatangaza kwamba nimeanza kuota ndevu. Wakaja watu nisiowajua, mmoja baada ya mwingine, kunishika kidevu. Bibi mmoja alitafuta miwani kwanza.

Nikajikaza. Nikamwambia Mama, huku naitazama pasi, kwamba nitawalisha mwenyewe mpaka wale. Akakubali. Jumamosi hana zamu, atakaa mezani aone kwa macho yake. Wakila kama watoto wa watu, atampigia mdogo wake simu asubiri kwanza, na stoo ni yangu. Wasipokula, basi.

Silaha ninayo. Kastadi yangu! Maziwa, mayai, sukari, vanila kidogo, ndizi mbivu zilizokatwa vipande vyembamba, biskuti zilizopondwa juu. Ndicho kitu pekee duniani ninachokifanya bila kuona haya, maana nakifanya peke yangu na mlango wa jiko nimeuegesha. Mapacha wangeniuza kwa bakuli la kastadi. Wangeniuza kwa kijiko.

Kesho naanza. Watanitambua!

Jumanne, 4 Machi

Maziwa nanunua duka la kwenye kona. Anauza binti wa mwenye duka, ambaye shuleni anakaa dawati lililo mbele ya langu. Tangu muhula uanze sijawahi kumwambia sentensi nzima. Leo akaniuliza maziwa mengi hivi ni ya nini. Nilitaka kusema napika. Nikasema naoga.

Naoga! Nimesomeshwa kwa lugha mbili, na zote mbili zilinikimbia zikaniachia neno la bafuni. Alinifungia maziwa. Kisha akanichunguza ngozi.

Nilirudi nyumbani nafuka moshi. Mayai niliyapiga kuliko yalivyostahili.

Chakula kilikuwa wali, spinachi, karoti na maharage. Mapacha mezani. Wa kike namwita Wakili, kwa sababu hajawahi kushindwa kesi. Wa kiume ni Mashavu. Huyu haongei, anahifadhi. Ukimpa kitu asichokipenda anakiweka shavuni na kukitunza mpaka serikali ibadilike.

Nikaweka kastadi juu ya friji, wanapoiona wasipoifikia. Nikasimama. Nikatangaza sheria niliyoifanyia mazoezi njia nzima: hakuna kastadi mpaka kila mtu aone chini ya sahani yake.

Wakili akafikiri. Akainua sahani kwa mikono miwili, polepole, kama mtu abebaye taa. Akainama. Akachungulia kwa chini.

"Nimeona," akasema. "Kuna ua la bluu."

Mashavu akainua ya kwake. Yeye hana mizani. Maharage yalinishukia shingoni, yakaendelea na safari ndani ya shati.

Nilimwambia Wakili si chini hiyo. Akauliza sahani ina chini ngapi. Nikasema namaanisha chini ya ndani. Akasema chini ya ndani inaitwa ndani. Kisha wote wawili wakaanza kulia kwa kupokezana, mmoja akivuta pumzi mwingine analia, hadi jirani yetu fundi cherehani akagonga ukuta kwa mkasi.

Nikatoa kastadi. Wakili alinishukuru kwa adabu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi!

Leo sikuacha mwanya. Nilisema sahani iwe tupu. Tupu! Neno lisilo na juu wala chini. Kisha nikaingia jikoni kuponda biskuti, na kuziponda nilizichukulia muda, maana kila biskuti niliipa sura ya Mama mdogo.

Niliporudi, sahani mbili zinang'aa. Hakuna spinachi. Hakuna harage. Hata karoti, adui mkubwa, haipo. Mapacha wamekaa wamefunga mikono kama wako kanisani. Nilitaka kulia. Niliwajazia mabakuli mpaka ukingoni, na Mashavu akatabasamu, jambo ambalo hutokea kama kupatwa kwa jua.

Walipolala nilikwenda stoo. Nikasogeza magunia. Nikapanga kichwani kitanda kitakaa wapi na meza itakaa wapi. Nikavuta komeo. Likafunga! Nikakaa humo gizani, sitazamwi na mtu. Sijui kama kuna raha kuliko hiyo.

Mama aliporudi nikamweleza. Alinishika bega, akasema mwanangu. Akasinzia kwenye kochi na viatu miguuni.

Wazazi wa dunia hii wanajisumbua bure. Kumbe ni suala la kanuni tu.

Jumatatu nitapaka stoo rangi.

Alhamisi, 6 Machi

Nitawafungia ndani ya magunia! Wote wawili!

Asubuhi nimechelewa. Nikatumbukiza mguu kwenye kiatu cha shule. Baridi. Laini. Inateleza. Nikatoa mguu: maharage, yamevaa soksi yangu. Kiatu cha pili: spinachi, imeshindiliwa mpaka kwenye vidole kwa ufundi wa mtu aliyefunga mizigo maisha yake yote. Karoti sijui zilipo mpaka sasa. Naogopa kuzitafuta.

Nilisuuza nilichoweza. Siku nzima nimetembea nalia chwaka chwaka. Kwenye somo la hesabu binti wa maziwa alinusa. Akageuka. Akaniangalia. Akageukia mbele tena, akasogeza kiti chake. Nimejulikana kama mtu anayeoga maziwa na kunuka maharage. Sina pa kuficha uso, maana pa kuuficha ni stoo tu.

Nilipofika nyumbani nilimkabili Wakili. Hakukana. Alisema, "Ulisema sahani iwe tupu, kaka. Habari ya viatu hukuigusa."

Nikaketi. Nikatunga sheria mpya kama bunge zima. Mboga kwanza. Mboga zote ziingie tumboni mwa mwenye sahani, kwa kupitia mdomo wa mwenye sahani, na mimi nikiwa hapo hapo nimekodoa macho. Ndipo kastadi. Nikaisoma mara mbili kwa sauti. Wakili akaomba nirudie sehemu ya mwanzo. Nikarudia: mboga kwanza. Akauliza kama ni mboga zote. Nikasema zote, bila kubakiza. Akauliza kama naapa. Nikaapa! Mungu wangu, niliapa.

Mezani kulikuwa na wali, spinachi, na sufuria ya nyama ya mchuzi aliyoipika Mama kabla ya kutoka, itutoshe leo na kesho.

Wakavuta sufuria ya nyama. Wakaanza kula.

Mwanzoni nilifurahi, jamani. Nilidhani wanajipasha moto kabla ya spinachi. Wakala yao. Wakala yangu. Wakala ya Mama. Mashavu, mtoto aliyekataa nyama mwezi mzima, alifuta mchuzi kwa kidole. Kisha Wakili akasogeza pembeni spinachi, yote, haijaguswa, akaomba kastadi.

Nikamwambia mboga hizo hapo, hajala. Akasema hayo ni majani. Akasema mchana alimuuliza Mama mlangoni leo mboga gani, na Mama akajibu nyama. Kesi imekwisha.

Na ni kweli! Ndivyo tunavyosema wote humu ndani. Kinacholiwa na wali ni mboga, iwe nyama, iwe dagaa, iwe chochote. Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia katika ile lugha ya pili ya shuleni majani yana jina lake na nyama ina jina lake, hayachanganywi, na mimi sheria niliifikiria kwa lugha ile kisha nikaitamka kwa hii. Nilieleza vizuri sana. Nilitumia hata mikono.

Wakili akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwani sisi hapa," akauliza, "tunakula kwa lugha gani?"

Nikatoa kastadi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amekuta sufuria tupu jana. Anadhani nimekula mimi. Nilipomwambia ni mapacha, alinitazama kwa huruma, kama vile uongo wangu ni mfupi hata haufai kukasirikiwa. Akasema kijana anayekua ana njaa, lakini aseme. Nikasema hasira ninayo, njaa sina. Akasema hasira hasara. Hakuna methali ninayoichukia kama hiyo! Inakuja siku zote ukiwa tayari umeshapata hasara.

Akakumbusha kwamba kesho ni Jumamosi.

Nikaamua: yaishe. Kama hawataki mboga nje ya kastadi, zitaingia ndani ya kastadi. Nilichemsha karoti, nikaponda. Nikachemsha spinachi, nikaponda. Nikachanganya humo humo. Rangi ilikuwa ya ukuta wa zahanati. Nikaongeza sukari. Rangi ilibaki vile vile lakini sasa ilinata. Nikafunika kwa biskuti nyingi, kama mtu anayefukia kosa lake.

Nikawaambia leo hakuna masharti. Leo ni kastadi maalumu.

Mashavu akatia kijiko mdomoni. Akatulia. Akahamishia shavu la kulia. Akahamishia la kushoto. Kisha yule mtoto, ambaye tangu wiki ianze sijamsikia akisema neno, akafungua mdomo wenye ukijani.

"Kaka," akasema, "kastadi inaumwa."

Wakili akachimba chini ya biskuti kwa ncha ya kijiko. Akatoa uzi wa karoti. Akauinua juu kuelekea taa, akaugeuza, akauweka mezani katikati yetu. Ushahidi haukuhitaji neno.

Sasa wanaiogopa kastadi yenyewe! Kitu pekee nilichokuwa nacho! Wameshuka kwenye viti wakaenda kula mkate mkavu. Mimi nimekula bakuli zima la ukuta wa zahanati peke yangu, kwa hasira, ili lisipotee bure. Nimeula wa chuya kweli kweli.

Tumbo linaunguruma. Na lenyewe limekasirika.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimeketi sakafuni nyuma ya mlango wa chumba, nimeuegemea kwa mgongo wasiingie. Yaani mgongo wangu ndio komeo langu. Ndipo nilipofikia.

Asubuhi nilipika kastadi bora kuliko zote nilizowahi kupika. Laini, ya manjano, haina mgeni ndani. Nikamwita Wakili jikoni, faragha. Nikamwomba. Mimi, mkubwa, nikamwomba! Nikamwambia leo jioni, mbele ya Mama, wale kila kilichomo sahanini, majani na nyama na kila kitu chenye jina na kisicho na jina, na kastadi yote ni yao.

Akasema anataka, lakini imani imepungua. Atajuaje haina karoti?

Nikamwambia aonje. Akaonja juu. Akasema juu ni salama. Akamwita Mashavu, naye akaonja, akaitikia kwa kichwa. Wakili akasema hata ile ya jana juu ilikuwa biskuti nzuri tu, ubaya ulikuwa ndani. Nikasema basi aonje ndani. Wakaonja ndani. Akasema karoti ni nzito, inaweza kuwa imezama chini. Nikasema waonje chini.

Wakaonja mpaka chini.

Akaweka kijiko. Akasema, kwa heshima zote, kwamba ameridhika na haina karoti. Bakuli lilikuwa jeupe.

Sikukasirika hapo! Hiyo ndiyo aibu yangu. Nilidhani tumekubaliana. Tulishikana mikono.

Jioni Mama alikaa mezani amevaa gauni la nyumbani, nywele amezifungua. Ametandika kitambaa. Amepakua mwenyewe: wali, kabichi, karoti, samaki. Alikuwa na furaha ya kula nasi, sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Akasema haya, tule.

Wakili alijaribu. Nampa haki yake. Aliinua kijiko cha kabichi, akakitazama, akakishusha. Akainua tena. Paji la uso likatoa jasho. Mashavu hakujaribu hata kidogo. Alikuwa ameegemea kiti kama mzee aliyetoka karamuni, ameshika tumbo. Mama akamlisha kijiko kimoja cha wali. Wali tu! Chakula chake!

Kilirudi. Na hakikurudi peke yake. Kilirudi na kastadi yote ya asubuhi, kwenye kitambaa, kwenye samaki, na kwenye mkono wa gauni la Mama.

Mama akatazama ile rangi ya manjano. Akauliza taratibu ni nini hii. Wakili akaeleza yote, kwa mpangilio, kuanzia ua la bluu. Hakuongeza chumvi. Hakupunguza. Alipofika kwenye viatu, Mama aliziba mdomo kwa mkono, na naapa mabega yake yalikuwa yanatikisika. Anacheka! Mimi naporomoka, mama yangu mzazi anacheka!

Akampigia mdogo wake simu hapo hapo. Akamwambia aje kesho kama walivyopanga, na abebe blanketi, maana stoo ina baridi.

Baadaye alinifuata jikoni nikiosha kitambaa. Akasema, "Mwanangu, simleti kwa sababu umeshindwa. Namleta ili jioni usome, ucheze, ukae na wenzako. Wewe si mama wa watu."

Nimelifikiria neno hilo. Nimeligeuza huku na huku. Na jibu langu ni kwamba hakuna aliyeniuliza! Nani kasema nataka kukaa na wenzangu? Wenzangu wananijua kwa harufu! Nilitaka mlango!

Jumapili, 9 Machi

Amefika. Tulimsikia tangu kwenye kona, anamsimulia mtu asiyemjibu. Masanduku mawili na blanketi. Alipita dukani kununua maji, na kwa kuwa hawezi kupita kimya, akamwambia binti wa maziwa kwamba yeye ni mama yake mdogo na kijana wa nyumba ile. Binti akamuuliza kama ni yule anayeoga maziwa. Mama mdogo kanisimulia haya mlangoni, mbele ya fundi cherehani, akanishika kidevu, akasema kweli ngozi imetakata.

Nilikwenda kusimama bafuni kwa muda. Sikuoga.

Jioni nilikaa kona kumtazama akishindwa. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Mapacha mezani, wamefunga midomo. Spinachi, karoti, maharage, wali. Mama mdogo hakuwapakulia! Alijipakulia mwenyewe, mlima mzima, akaketi, akaanza kula huku anasimulia habari za jirani yake wa zamani aliyeibiwa jogoo na kumkuta anawika kwa mchungaji. Hakuwatazama hata mara moja.

Wakili akakohoa. Akauliza chakula chao kiko wapi. Mama mdogo akasema alidhani hawali, dada yake kamwambia hawali, na yeye halazimishi mtu. Akaendelea na jogoo. Wakili akasogeza kiti. Akauliza kama anaweza kuonja. Mama mdogo akamwambia asimharibie hesabu, karoti zenyewe hazimtoshi yeye.

Wakala kwenye sahani yake. Kwa mikono! Spinachi! Mashavu alitafuna akameza papo hapo, shavu tupu, mimi natazama. Hakuna kastadi. Hakuna sheria. Jogoo tu!

Wiki nzima! Mayai yote yale! Ni kwa sababu hana kanuni, ndiyo maana wamechanganyikiwa wakala. Haiwezi kudumu.

Kisha akafungua friji akakuta kibakuli cha kastadi niliyojipikia mwenyewe mchana. Akaonja bila kuomba. Na hapa niandike ukweli: alinyamaza. Mama mdogo, amenyamaza! Akakaa chini. Akala polepole mpaka mwisho, akauliza nani kapika. Mapacha wakaninyooshea vidole. Akasema mikono hii ina kitu, na kwamba mtu akipewa hiki kila siku, chochote atakachoambiwa atafanya.

Chochote.

Ameingia stoo. Nimesikia komeo likifunga. Komeo langu!

Lakini neno lake nimelishika. Chochote, kasema mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Sheria ya asubuhi ilikuwa kali kama wembe. Nilimsubiri kwenye chai. Nikazungumza na kikombe, lakini nilizungumza. Nilimwambia Mama mdogo kwamba kastadi ya nyumba hii ni ya wageni tu. Mwenyeji hapewi. Anayetaka kula, itabidi awe mgeni.

Hesabu yangu ilikuwa hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akishakuwa mgeni, lazima siku moja aondoke. Jembe tutalitafuta.

Hakubisha hata kidogo. Alitabasamu, akasema basi yeye ni mgeni, na mgeni njoo mwenyeji apone. Kisha akauliza tangu lini mgeni akalazwa stoo na magunia. Mama, usingizini nusu, akasema hilo nalo neno. Kabla chai haijapoa, masanduku yamehamishiwa chumbani kwetu. Mama mdogo kachukua kitanda changu cha dirishani. Langu mimi ni godoro, ndani ya stoo.

Stoo! Nimeipata! Kwa sheria yangu mwenyewe!

Ningefurahi, lakini Wakili alikuwa mezani anasikiliza. Akauliza kama mgeni anaosha vyombo. Mama mdogo akasema haijapata kutokea. Wakili akatangaza kwamba yeye na Mashavu pia ni wageni. Mama akacheka, akasema na yeye basi aitwe mgeni leo, amechoka. Nyumba nzima wageni! Mwenyeji mmoja!

Tangu nitoke shule nimepika kastadi ya wageni wanne. Nimewapakulia wageni. Nimeosha vyombo vya wageni. Mgeni mmoja wa miaka sita alilalamika kwamba ndizi zimekatwa nene. Nilipokwenda kununua maziwa, binti wa maziwa alinifungia maradufu bila kuuliza. Alisema tu kwamba hata yeye angependa kujaribu, eti natumia ya moto au ya baridi. Nilisema ndiyo.

Sasa nimejifungia. Komeo limeshika. Nje wanagonga, wageni, wanataka nyongeza. Naandika kwa hasira, lakini akili imetulia kuliko wiki nzima. Kosa nimeliona. Halikuwa kastadi. Halikuwa mpango. Ni neno moja tu, nililiweka upande usio wake.

Kesho mezani, mbele ya wote, nageuza: kastadi ni ya wenyeji tu, mgeni hapewi hata kijiko. Mama mdogo na utamu ule, tuone atafanya nini.

Nimeisoma sheria hii juu chini, kwa lugha zote mbili. Haina tundu.